Nusu ya Edina

Namswea,
12 Februari 2024

Mama Eunice,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo.

Nakuandikia kwa sababu ulisema sikio lako haliwezani tena na simu. Na huku kwetu ili nipate mtandao lazima nipande mlimani, na maneno ya kumwambia mama mkwe siyo ya kupigiwa kelele mlimani. Barua hii nampa Jastin, dereva wa Hiace inayoshuka kutoka Mbinga. Ukijibu, mpe yeye.

Mvua inaendelea. Nyumba iko kimya. Juzi nilikuta kitana cha Edina nyuma ya ndoo ya unga, nikakirudisha palepale, maana sikujua pengine pa kukiweka.

Mama, nimeyafikiria maneno uliyosema tulipomaliza matanga ya Edina. Ulimshika Glorious mkono ukasema mbele ya watu kwamba atarudi Namswea siku nyumba hii itakapokuwa na chakula kilichotoka shambani mwetu, siyo cha kuombaomba kwa majirani. Sikukujibu, kwa heshima. Leo najibu. Nimekubali.

Wewe ni mtu wa ziwani, kwa hiyo nikueleze kazi yenyewe. Mashamba yetu yamelala kwenye mteremko mkali. Tusipochimba ngolo, udongo wote unashuka mtoni. Mwanaume anafyeka nyasi, anaziacha zikauke, kisha anazipanga kwa mistari inayokatizana, mpaka mteremko mzima unakuwa na vyumba vyumba kama wavu. Hapo kazi yake imekwisha. Mwanamke anaingia na jembe, anachimba katikati ya kila chumba na kuzifunika zile nyasi kwa udongo. Linabaki shimo, na kuzunguka shimo kuna matuta, na juu ya matuta anapanda maharage. Mvua ikija, maji yanatulia kwenye mashimo. Ndiyo ngolo.

Nusu yangu naijua tangu utotoni. Nusu ya Edina sijawahi kuigusa. Mwaka huu nitafanya zote mbili. Maharage yakivunwa mwezi wa sita, nitakuja kumchukua mwanangu.

Mwambie Glorious kuku wake mwenye shingo tupu ametotoa.

Mkweo,
Egidi


Mbamba Bay,
21 Februari 2024

Mwanangu Egidi,

Marahaba. Bwana Yesu asifiwe. Barua imefika, inanuka dizeli lakini inasomeka.

Mtoto hajambo. Siku za mwanzo alikuwa akiamka anauliza kwa nini mlima umehama. Sasa anakwenda ufukweni na wenzake, anarudi na mchanga masikioni. Nimempeleka shule ya hapa, asikae bure.

Habari za ngolo nilikuwa nazijua. Mwaka wa kwanza wa ndoa yenu Edina alikuja hapa viganja vimechubuka, hawezi hata kushika kikombe cha chai. Baba yake, marehemu Cuthbert, alitaka kumzuia asirudi kwako. Mimi ndiye niliyesema arudi kwa mumewe. Nililisema mimi, kwa mdomo huu.

Sijawahi kusikia mwanaume wa kwenu aliyefunika ngolo. Utajaribu, mgongo utakushinda, na watu watakushauri uoe upesi upate mikono. Siwezi kukukataza kuoa, wewe bado kijana. Lakini nakwambia mapema ili tusije tukalaumiana. Ukiingiza mwanamke mwingine kwenye shamba lile mwaka huu, mtoto habanduki hapa. Sitamtoa Glorious akalelewe na mtu aliyeletwa kwa ajili ya jembe.

Habari za kuku nimemfikishia. Anauliza vifaranga ni rangi gani.

Mama yako,
Eunice


Namswea,
15 Machi 2024

Mama Eunice,

Shikamoo. Vifaranga ni weusi, isipokuwa mmoja ambaye bado hajaamua.

Nakuandikia kwa furaha kidogo. Nimemaliza kupanga nyasi. Nimefyeka mteremko wote, kuanzia kwenye kahawa mpaka kwenye mpaka na shamba la jirani kule chini, na mistari imenyooka vizuri. Wanaume wawili waliokuwa wakipita walisimama kutazama. Mmoja aliniuliza kama nimeoa wake wawili kwa siri. Nilicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu Januari.

Sijawahi kupanga vizuri hivi. Nilikuwa nikipanga namwona Edina atakapoanzia, pale juu karibu na kahawa, mahali anapopenda kuning'iniza chupa yake ya maji.

Nimeanza kufunika mistari ya juu. Udongo umeloa na ni mwepesi. Kufikia Pasaka nadhani nitakuwa nimemaliza. Jiandae tu, Mama.

Mkweo,
Egidi


Mbamba Bay,
21 Machi 2024

Mwanangu Egidi,

Marahaba.

Swali moja limenikaa tangu nilipoisoma barua yako. Nyasi zote hizo umempangia nani?

Edina aliwahi kuniambia, tukiwa tunaanika usipa, dagaa wetu wa ziwani, kwamba wewe ukimaliza kupanga unakwenda kwenye kahawa zako unapiga mluzi, na yeye bado yuko mistari ya juu. Wiki inakwisha, nyingine inakwisha, na wewe bado unapiga mluzi. Hakusema kwa ubaya, alikuwa anacheka. Mimi ndiye sikucheka.

Nyasi zikipangwa si zinatakiwa kufunikwa? Zikikaa hivyo wazi, mvua itazifanya nini? Mimi ni mtu wa samaki, nauliza tu.

Na kuna kitu kingine nimekikumbuka. Alisema mwanzoni alikuwa anasimama juu ya nyasi, anauvuta udongo kuja kwake, na kila alichokifunika kilifunuka. Mpaka mama mmoja wa huko akamwambia aingie ndani, asimame katikati ya chumba, aurushe udongo nje huku akigeuka, kila upande, kama kuku anayetengeneza kiota. Alinionyesha hapa uani, kwenye mchanga, amejifunga khanga kiunoni, anazunguka na jembe la kukopa. Nilimwambia aache kuniharibia uwanja nilioufagia.

Sikuandikii hivi ili ushinde. Nakuandikia kwa sababu nimekumbuka.

Mama yako,
Eunice


Namswea,
3 Aprili 2024

Mama Eunice,

Shikamoo. Natumaini Pasaka imewakuta salama.

Swali lako limejibiwa na mvua. Ijumaa Kuu ilinyesha tangu asubuhi. Nyasi ambazo sikuwa nimezifunika zilielea, zikashuka zote, zikalundikana chini kwenye mpaka na kumwangukia jirani. Zaidi ya nusu ya mteremko imebaki tupu. Nilisimama chini ya mgomba nikitazama mistari yangu ikifutika.

Nilipanga kwa mwendo wa Edina, Mama. Miaka yote nimepanga nikijua nyuma yangu kuna mtu anakuja, na mikono ikafanya ilivyozoea. Kupanga ni kazi ya siku chache. Kufunika sikujua ni kazi ya namna gani. Nilikuwa nikimwona jioni ananyoosha mgongo mlangoni, namuuliza chakula kiko tayari.

Wanawake waliokuwa wakitoka kanisani walinikuta naanza upya. Mmoja akauliza kama nachimba kaburi la mbuzi. Mwingine akasema, mwacheni, anatafuta mhogo uliompotea. Wa tatu akanishauri kwa sauti ya huruma kwamba tuta ndilo huwa juu na shimo ndilo huwa chini, labda nimesahau. Nilicheka nao, maana ningefanya nini.

Lakini nimeingia ndani, kama ulivyoandika. Siku ya kwanza niliangukia jembe. Miguu haikujua pa kukaa. Nikigeuka naukanyaga udongo niliourusha. Siku zilizofuata nikaona kwamba nilikuwa nalinyanyua jembe juu mno, kama mtu anayepasua kuni. Halinyanyuliwi, linasukumwa kisha linabinuliwa. Udongo ukitua vizuri una sauti yake, kama mtu anayeweka gunia chini taratibu. Ukitua vibaya unasikia nyasi zinachakarika. Nimeanza kuzisikia hizo sauti. Bado ninazokosea ni nyingi kuliko ninazopatia.

Sasa nafyeka tena, na napanga kidogo, kiasi ninachoweza kufunika siku hiyohiyo. Malengelenge yamepasuka, nimefunga viganja kwa kitambaa. Niko peke yangu shambani.

Mkweo,
Egidi


Mbamba Bay,
11 Aprili 2024

Egidi,

Restituta anayepandisha usipa huko kwenu amerudi jana. Hakuja kunisalimia bure. Amesema aliona mwanamke ndani ya shamba la Edina, ameshika jembe, anachimba, na wewe umesimama pembeni unamtazama.

Uliniandikia kwamba uko peke yako. Barua ninayo hapa mezani, mwandiko ni wako.

Sikutaka mengi. Ningekuwa mtu wa kutaka mengi nisingemtoa mwanangu akaishi kwenye baridi ile. Nilitaka tu nisidanganywe.

Mtoto amezoea hapa. Mwalimu wake anamsifu. Usije.

Eunice


Mbamba Bay,
18 Aprili 2024

Egidi,

Jana Glorious ametoka shule anasema amemwona baba kwenye uzio. Nilimwambia ameota. Akaniambia ulivaa koti la kijani na ulimpungia mkono.

Nilikaa mlangoni mpaka giza nikikusubiri. Hukufika.

Mtu anayekuja kwa mkwe wake anakuja mlangoni. Anayezunguka uzio wa shule anatafuta namna ya kuchukua mtoto bila kuonekana. Kama ndivyo ulivyokusudia, jua kwamba nimeshamwambia mwalimu asimtoe kwa mtu yeyote ila mimi. Leo nimekwenda kumchukua mwenyewe, na kesho nitakwenda, na kila siku nitakwenda.

Eunice


Namswea,
24 Aprili 2024

Mama Eunice,

Shikamoo.

Ni kweli nilikuja. Nilishuka ili nikueleze kwa mdomo, maana niliona barua zimeanza kutugombanisha. Nilipofika stendi ya Mbamba Bay ilikuwa mchana. Nikaona aibu kumwingilia mkwe bila taarifa, nikasema nipite kwanza shuleni nimwone mtoto kwa mbali, nipate nguvu. Walikuwa wamesimama mstari, mwalimu anaita majina ya watoto wa kufagia. Akaita Glorious Cuthbert. Nikajiuliza huyo ni mtoto wa nani. Kisha mwanangu akaitika.

Nilishika uzio. Aliponiona akapunga mkono, nami nikapunga, kisha nikarudi stendi. Sikufika kwako kwa sababu nilikuwa na neno mdomoni, na kama ningelisema tusingeandikiana tena. Neno hilo nimeliacha kwenye kona za kupandia Mbinga.

Sasa kuhusu mwanamke. Anaitwa Ottilia. Shamba lake liko chini ya langu. Ni mjane, ana wajukuu. Nyasi zangu zilipomwangukia alipanda kwa hasira, akaniambia mbele ya watu kwamba nalima kama bata. Kisha akaninyang'anya jembe, akachimba ngolo moja nikitazama, akatoka. Akasema, "Hiyo ndiyo ngolo. Zako zikipasuka zinakuja kwangu." Restituta aliona hiyo moja. Sikukuandikia kwa sababu ya aibu tu. Mwanaume aliyeitwa bata hapendi kuandika barua akajiita bata mwenyewe.

Na kweli zimepasuka, Mama. Jumamosi mvua ilikuja mchana, nzito, haina upepo. Mistari ya juu, ile niliyoifunika mwanzoni nikiwa sijui, ilianza kufumuka. Shimo moja linajaa, tuta linaachia, maji yanaangukia shimo la chini yake, nalo linaachia. Niliingia humo na jembe. Nikiziba hapa, panafunguka pale. Nilikuwa nasikia zinavyopasuka nyuma yangu moja baada ya nyingine, mpaka maji yakafika kwa Ottilia na kuyafukia maharage yake kwa matope. Iliyobaki imesimama ni mistari ya chini, ile ya siku za karibuni. Maji yalipita juu yake, mashimo yakajaa mpaka ukingoni, lakini matuta hayakuachia.

Sasa asubuhi nafukua kwake, mchana nafunika kwangu. Sijui kama nitawahi. Mvua za mwisho zikikatika kabla sijamaliza kupanda, hakuna mavuno ya kutosha.

Sitakuja kumchukua mtoto kwa nguvu, wala sitakwenda kwa mtendaji. Maharage yakikosekana nitaishika ahadi niliyokubali, abaki kwako. Lakini kufuta jina la baba yake hakukuwemo kwenye makubaliano.

Egidi


Namswea,
4 Mei 2024

Kwako Mama Eunice,

Salamu nyingi. Hunijui. Mimi ndiye yule mwanamke wa shambani, Ottilia. Magoti yangu yamechakaa na jino la mbele sina. Kama ningekuwa natafuta mume, ningetafuta anayejua kulima.

Baba Glorious hajanituma. Nimepata habari kwa Restituta, na nimemwambia apunguze kuona. Kwa kuwa yeye amekuletea alichokiona, na mimi nakuletea cha kwangu.

Mistari yake ya juu ni mibaya. Mimi huwa simung'unyi maneno, ni mibaya sana, imenimalizia maharage. Nilimsema mpaka nikachoka. Kesho yake nilimkuta kwenye shamba langu, anafukua, na jioni nilimwacha hapohapo. Akanichimbia ngolo upya, nami nikasimama juu yake kama askari. Nyingine nilimwambia abomoe. Akabomoa, akachimba tena. Nikamwambia abomoe tena. Nilitaka nione atatupa jembe siku gani. Hajalitupa.

Edina naye nilimfundisha mimi. Alilia sana mwaka wake wa kwanza, lakini alikuwa halii akiwa ndani ya shimo. Alikuwa anatoka kwanza.

Juzi nilikuwa natoka kuteka maji. Ukungu ulikuwa umeshuka. Nikaona mtu ameinama kule juu, jembe linakwenda, anageuka, linakwenda, anageuka. Nikatua ndoo. Mama, nilikuwa karibu kumwita Edina. Kisha akajinyoosha, nikaona ndevu.

Sijui makubaliano yenu. Nimeona nikwambie hilo tu.

Ottilia


Mbamba Bay,
14 Mei 2024

Mwanangu Egidi,

Marahaba. Hiyo niliyokunyima kwenye barua mbili, nakupa leo.

Jirani yako ameniandikia. Ana mdomo mbaya. Nimempenda.

Kuhusu jina. Mwalimu aliniuliza mtoto anaitwa nani, nikasema Glorious. Akauliza, Glorious nani? Edina ndiye mtoto pekee niliyekuwa nimebakiwa naye, unajua. Katika shule hiyohiyo aliitwa Edina Cuthbert, na mimi nilikuwa nikipita na karai la samaki namsikia anavyoitika. Baada ya Cuthbert kufa, nikabaki na Edina. Sasa hakuna mtu anayeitwa hilo jina. Nikalisema. Nilisema litaitwa siku moja tu, kisha nitarudi kulirekebisha. Kila siku nikapata kazi nyingine ya kufanya.

Nitalirekebisha. Hilo limekwisha.

Lakini sijasema kwamba mtoto anarudi. Jirani anaweza kuandika kwa huruma, na wewe unaweza kuandika kwa uchungu. Shule zikifungwa nitapanda mwenyewe na Glorious, nikae siku chache, nione. Nionyeshe yote, hata yaliyoharibika. Usinitengenezee kitu kwa ajili ya macho yangu.

Umepanda? Hukusema.

Mama yako,
Eunice


Namswea,
22 Mei 2024

Mama Eunice,

Shikamoo.

Nimepanda. Mbegu za mwisho ziliingia udongoni mvua ikiwa imebaki ya manyunyu. Mistari ya chini imechanua. Ya juu imeota kwa kurukaruka kama meno ya Ottilia, mwenyewe ndiye aliyesema hivyo.

Njooni. Sitatengeneza kitu.

Mkweo,
Egidi


Namswea,
2 Julai 2024

Mama Eunice,

Shikamoo.

Jana tumeamka tukakuta kitanda chako kimetandikwa na wewe hupo. Nilidhani umekwenda chooni. Kisha nikaona begi la mtoto liko mlangoni, na juu yake karatasi ya uhamisho wa shule. Glorious amelia asubuhi yote. Baadaye akanywa uji, akaenda kutafuta kuku.

Siku zote ulizokaa hapa hukusema umeamua nini, Mama. Nilikupeleka shambani kama mtu anayekwenda kusomewa hukumu. Ulitaka kuona mistari ya juu kwanza, nikakuonyesha. Ukaizunguka yote, ukasema, "Hii ni mibaya." Nikasema ndiyo, Mama. Ukashuka kule chini. Ukapiga magoti kwenye tuta, ukaingiza mkono ndani ya udongo mpaka ukazikuta nyasi zilizooza, ukazishika hivyo bila kuutoa mkono. Mimi nilikuwa natazama mgongo wako. Nilijua ukiutoa mkono utasema.

Ukauliza, "Na Edina alikuwa anafunika mteremko huu wote?"

Nikasema wote, kila mwaka.

Ukafuta mkono kwenye khanga, ukamwita Glorious mkaanza kung'oa maharage. Hapo nikajua nimeshindwa, maana ulikuwa unamwonyesha mtoto haraka haraka, kama mtu anayetaka gari lisimwache. Usiku nilikaa jikoni nikifikiria nitamuagaje mtoto. Sikufikiria kabisa kwamba nitaachiwa.

Maharage tumeyapura. Yatatufikisha. Siyo kwa shibe kubwa, lakini yatatufikisha.

Nakuuliza kama mtoto anavyoniuliza mimi. Kwa nini umeondoka bila kuaga?

Mkweo,
Egidi


Mbamba Bay,
9 Julai 2024

Baba Glorious,

Marahaba.

Niliondoka bila kuaga kwa sababu angenishika khanga, na mimi ningerudi naye. Najijua. Yule wa bodaboda alitaka kuwasha pikipiki pale pale nje, nikamwambia aisukume mpaka barabara inapoanza kushuka.

Nyumba huku imenyamaza. Jana nimepika chakula cha watu wawili, kingine nikampa mbwa wa jirani.

Habari za maharage usiniandikie tena, niliyaona. Niandikie mambo madogo. Amelala upande gani. Ameota nini. Nani amempiga shuleni na yeye amempiga nani. Andika hata kama huna la kuandika.

Nimempa Jastin furushi. Ndani kuna usipa mkavu, huo hauna shida, kaanga tu na nyanya. Kuna na mbasa wawili niliowabanika. Mbasa ana miba mingi, na mtoto amezoea mimi nimtolee. Usiitafute kwa macho, hutaiona. Osha mikono, mega kipande kidogo, kibonyeze taratibu katikati ya vidole, ukianzia mgongoni kwenda tumboni, mpaka kidole kikwambie. Usiharakishe hata akinuna kwa njaa. Mara za kwanza utaacha mwiba mmoja. Atakohoa, atalia, na wewe utaogopa utataka kumwaga chakula chote. Usikimwage. Mpe tonge kubwa la ugali alimeze bila kutafuna, mpigepige mgongo. Kisha mega kipande kingine.

Mama yako,
Eunice